Kiherehere

Jumapili, Tandika. Umeme umerudi saa mbili usiku,
napiga pasi koti jeupe alilonirithisha Faraji
pamoja na doa lake la ayodini
lililogoma mfukoni, chini ya mahali pa jina.
Kesho wodi ya magonjwa ya ndani. Wiki nane.
Koti lilikuja na wosia:
"Vaa viatu visivyolia.
Kwenye raundi usisimame karibu na Dokta Kapalata,
wala usisimame mbali naye."

Kalamu ninazo tatu: moja yangu,
mbili za kuazimwa zisirudi.

Hidaya, mtoto wa Pangani, hakariri kama sisi.
Akishindwa na kitu anakitia vina.
Amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji,
ananighania kwa sauti ya matanga:

    Mgonjwa amezimia, usikimbilie dawa
    Pumzi yake sikia, kama inakwenda sawa
    Tone la kidole tia, sukari kutambuliwa
    Iliyopanda hungoja, iliyoshuka huua.

Namcheka. Kisha najikuta nairudia
nikitafuta ndara, nikisukutua,
iliyoshuka huua, iliyoshuka huua.

Kitabu kinaeleza moyo ulioshindwa
kwa kurasa kumi na nne na mishale.
Hakuna atakayeniletea maneno yale.
Atasema, dokta, nikilala chali nazama.
Atasema, miguu imekuwa ya mtu mwingine.
Atasema ni feni, ni uchovu, ni maneno ya shemeji,
na mimi itabidi nijue
shemeji kakaa upande gani wa kifua.

Mama Mwanjaa anabisha akiwa ameshaingia.
Amefuata hela ya umeme.
Anaiona stetoskopu juu ya mto.
"Tuli, nisikilize na mimi basi, maadamu ni bure."
Anakalia ndoo iliyofudikizwa, anashusha kanga begani,
anatazama ukutani kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Nachomoa pasi.
Ndu-ta. Ndu-ta. Nahesabu kama nilivyofundishwa.
Katikati ya ndu na ta kuna kitu,
kama mtu anapuliza chai ipoe.

Friji la jirani, nawaza.
"Hidaya, kawaombe wazime friji."
Anakwenda na miguu yake mibichi.
Friji linakohoa, linanyamaza.
Chai inaendelea kupulizwa.

Nampa Hidaya asikilize.
Mwenye vina vyote
anavua zile mpira masikioni, polepole,
anazikunja, hana hata neno moja.

"Mama, ukipanda ngazi unachoka?"
"Nyumba hii ina ngazi?"
"Ukibeba ndoo?"
"Nabebewa. Tangu Ramadhani nabebewa."
"Unalalia mito mingapi?"
Ananitazama kama nimemfumania chumbani.
"Mitatu. Nani kakwambia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kesho.
Nilikuwa na ukurasa wa maswali ya kesho,
na uso wa kesho, niliouzoeza mbele ya kioo.
Usiku huu sikuwa na kitu ila mkono wangu
uliobaki mgongoni kwake muda mrefu kuliko kawaida.

Nikamwambia aje hospitali asubuhi.
Akasema asubuhi ana unga wa vitumbua,
ukishaumuka haumngoji mtu.
Akasema, "Una kiherehere, mwanangu. Hata kazi hujaanza."
Akapandisha kanga. Hela ya umeme akaisahau.

Mlangoni akashika fremu, akapumua,
akajifanya anakagua bawaba.
"Foleni," akasema bila kugeuka, "utaniwekea?"

Saa tano. Koti lina mkunjo mgongoni
pale pasi ilipoachia njiani.
Nafungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza,
niliouhifadhi kwa ajili ya kitanda namba moja.
Mwanamke. Umri: hasemi.
Lalamiko kuu: hana.

Nalikata.
Naandika: habebi ndoo tangu Ramadhani.